Nikanunua, Nikakutana, Nikarudi

Chukua daftari lolote la insha la kidato cha kwanza katika shule ya kata, mwanafunzi akiwa ameambiwa asimulie alivyotumwa sokoni. Sentensi ya kwanza huwa imenyooka: "Yesterday I went to the market." Baada ya hapo mambo huharibika. "I buy fish. I meet my friend. We talk. I come back home." Mwalimu mwenye haraka hupiga mistari minne ya wino mwekundu, akaandika "tense!" pembeni, akafungua daftari linalofuata. Mwalimu fundi husita, maana anakisikia Kiswahili kilichozaa sentensi hizo: nilikwenda sokoni, nikanunua samaki, nikakutana na rafiki yangu, tukazungumza, nikarudi. Kwetu, -li- ikishatajwa mwanzoni, -ka- inatosha kuyakokota matukio yote yaliyobaki. Mtoto huyu hakuusahau wakati uliopita. Ameutaja mara moja, kama alivyozoea kusikia katika ngano za bibi yake, na hakuona sababu ya kuurudia. Kiingereza ndicho kinachotaka urudiwe kila hatua: went, bought, met, talked, came.

Nawasifu walimu wanaosita hivyo. Kazi yao haina sherehe, na mara nyingi hufanyika katika kipindi cha mchana, njaa ikiuma na kelele za darasa la jirani zikipenya. Lakini tazama kinachoitegemea. Katika shule nyingi za serikali Tanzania, mtoto husoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili, halafu akivuka kuingia sekondari, karibu kila somo linageuka Kiingereza. Baiolojia humsemesha kwa wakati wa mazoea: "Plants make their own food." Historia humsemesha kwa wakati uliopita. Ripoti ya jaribio la kemia humtaka aseme kilichofanyika bila kumtaja aliyefanya. Asiyezitofautisha nyakati anaweza kuielewa mimea vizuri kabisa na bado akaandika jibu linaloonyesha kwamba haielewi.

Wengi wa walimu hao wamekishika kitabu cha Raymond Murphy, English Grammar in Use, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1985, au angalau kurasa zake zilizotolewa kopi hadi herufi zikafifia. Murphy anaanza na "present continuous", anafuata "present simple", kisha anazilinganisha. Ni mpangilio mzuri. Ila Murphy aliwaandikia watu wa dunia nzima, hakuweza kujua kwamba mwanafunzi wa Tanga tayari anayo hu- ya mazoea. Hapo ndipo mwalimu anapoanza kufanya kazi ambayo kitabu hakiwezi. "Mama anapika" kwa Kiswahili yaweza kuwa sasa hivi jikoni, yaweza kuwa ndiyo shughuli yake ya kila siku. -Na- imebeba yote mawili, na ndiyo maana mtoto anahangaika kati ya "my mother cooks" na "my mother is cooking". Kumweleza kwa istilahi ni kumwongezea giza. Mwulize tu kama angeweza kusema "mama hupika". Akiona inakaa vizuri, basi ni "cooks". "Jua huchomoza mashariki." "Wavuvi hutoka usiku." Nimeona darasa zima likipata sentensi kumi kwa njia hii, huku aliyeulizwa akijijibu kwa Kiswahili kwanza, midomo ikicheza kimyakimya.

Ile "s" ya "cooks" ni shughuli nyingine. Hu- haijali nafsi, Kiingereza kinaijali kwa he, she na it tu, na sidhani kuna maelezo ya kumridhisha mtoto mwenye akili juu ya ubaguzi huo. Hiyo ni ya kuzoea tu.

Palipo na utamu hasa ni kwenye -me-. Mwalimu mmoja ninayemfahamu hufundisha "present perfect" kwa dirisha. Hulisogelea akisema, "I am opening the window," akaliacha wazi, akarudi ubaoni. "I have opened the window." Upepo unaingia, karatasi za dawati la mbele zinaruka, hakuna anayehitaji tafsiri: umefungua, na matokeo yanaonekana. Kisha hulifunga. "What did I do?" Mmoja hunyoosha mkono haraka: "Madam, you have opened the window!" Yeye hasemi kitu, analitazama tu dirisha lililofungwa mpaka darasa licheke. Kutoka nyuma hutokea sauti ya mtu asiye na hakika: "You... opened the window." Ndipo anapochukua chaki, akaandika umefungua na ulifungua sambamba, kila kimoja na mwenzake wa Kiingereza ubavuni. Kanuni haijatajwa bado. Wameshaifikia.

Angeishia hapo angekuwa mwalimu mzuri. Kinachonifanya nimwite fundi ni kipindi kinachofuata, anapoibomoa furaha hiyo mwenyewe. Humsimamisha mwanafunzi mlangoni na kuuliza anafanya nini. Darasa, kwa ushujaa wote wa jana, linajibu: "He has stood." Amesimama, sivyo? Na amevaa shati jeupe: "He has worn a white shirt." Kiingereza hiki utakisikia mpaka maofisini. Hapa -me- haisemi tena tendo lililokwisha, inasema hali aliyomo mtu: amesimama, amekaa, amelala, amevaa, amechoka. Kiingereza kwa hali hizo kinakwenda kwingine: is standing, is sitting, is asleep, is wearing, is tired. Huwaandikisha vitenzi hivyo vitano, akiwapa na nusu saa ya kutazamana na kuelezana. Wageni waliojifunza Kiswahili wamejikwaa kwenye jiwe hilihili kutoka upande wa pili: E. O. Ashton, katika sarufi yake ya Kiswahili ya mwaka 1944, alilazimika kuwaeleza Waingereza kwamba -me- ina uso wa tendo lililotimia na uso wa hali iliyobaki baada ya tendo. Mwalimu wetu anafanya kazi ileile, ila kwa wanafunzi sitini na chaki vipande viwili.

Si kila kosa lina mzizi wa Kiswahili. "Did you went?" haina. Sisi pia hatutaji wakati mara mbili katika neno "ulikwenda". Kosa hili linatokana na bidii tu: mtoto kasikia kwamba jana ni "went", anaipeleka kila mahali. Mwalimu huyu husema wakati uliopita ni ndoo moja ya maji. "Did" akishajitwika, "go" anatembea mikono mitupu. Mwisho wa maelezo. Kisha mazoezi, mengi, ya kuchosha.

Ninachokipenda katika ufundi huu kinagombana na kibao kilichopigiliwa kwenye miti ya shule nyingi: "Speak English." Naelewa nia yake. Lugha haijengeki bila kusemwa. Lakini kibao hicho kikisomwa kwa ukali kinamnyang'anya mwalimu chombo chake bora. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind ya mwaka 1986, amesimulia jinsi shuleni kwao Kenya aliyekamatwa akisema Kigĩkũyũ alivyoweza kuvikwa kibati shingoni. Siku hizi adhabu zimepungua makali, ila dhana ile bado iko: kwamba Kiswahili kichwani mwa mtoto ni takataka za kufagia kabla Kiingereza hakijaingia. Fundi wa nyakati anajua kwamba kisipotajwa kitafanya kazi yake kimyakimya, nacho kitaandika "he has stood" kwenye mtihani wa taifa. Afadhali kiitwe mbele, kisimamishwe ubaoni, kielezwe kinapokubaliana na Kiingereza na kinapokataa.

Tukirudi darasani, wakati ujao hupita upesi. Randolph Quirk na wenzake, katika sarufi yao kubwa ya mwaka 1985, wanasema Kiingereza kwa umbo la kitenzi kina nyakati mbili tu, uliopo na uliopita. Ujao huazima "will" na wenzake. Mtoto mwenye -ta- hasumbuki sana na "will". Kinachomsumbua ni lile jedwali la vyumba kumi na viwili, linalobandikwa ukutani wiki ya kwanza na kukaririwa kama sala. Sijawahi kukutana na mtu aliyehitaji kusema "I will have been eating" akiwa na njaa kweli. Mwalimu wa dirisha halikatai jedwali, kwa sababu mtihani utaliuliza. Hulichora muhula wa pili, likiwa tupu, na wanafunzi hulijaza kwa sentensi zao wenyewe kutoka madaftarini. Chumba ambacho hakuna aliyewahi kukiandikia sentensi hukiacha wazi, na ikibidi ataeleza kwa mkaguzi kwa nini.