Maumivu Yanavyosomwa Usoni mwa Sungura

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walichapisha katika jarida la PLoS ONE utafiti kuhusu tatuu za masikio ya sungura. Tatuu hizo ni za utambulisho. Maabara, wafugaji wa biashara na hata wenye sungura wa nyumbani huzitumia, na kwa kawaida sikio huchomwa bila ganzi. Watafiti walitaka kujua kama krimu ya ganzi ingempunguzia mnyama maumivu. Lakini huwezi kusema maumivu yamepungua kama huna cha kuyapimia, na kwa sungura vipimo vilivyokuwepo vilikuwa hafifu. Ikabidi watengeneze chao. Swali la krimu likajibiwa likaisha; kipimo kikabaki, na leo madaktari wa mifugo wanakitumia kwa sungura ambao hawajawahi kuchorwa tatuu yoyote.

Ugumu wa kazi yenyewe ulianzia mbali. Sungura wote wa kufugwa ni uzao wa sungura-mwitu wa Ulaya, Oryctolagus cuniculus. (Yule wetu wa hadithi, mwenye maneno mengi, ni wa jenasi nyingine kabisa, Lepus.) Huyu wa Ulaya huwindwa na mbweha, kicheche na mwewe, na mwindaji humwanza anayechechemea. Basi kuugulia kwa sauti hakumfai. Yowe analo, tena kali la kumshtua mtu, ila hulitoa akiwa ameshakamatwa au amezidiwa. Maumivu ya kawaida huyaficha kwa kutulia, na hapo ndipo mwenye sungura hupotea njia: aliyetulia kwa shibe na aliyetulia kwa maumivu, ukiwatazama kutoka mlangoni, huoni tofauti.

Watafiti walichukua sungura wanane weupe wa aina ya New Zealand White. Kila mmoja alipitia hali nne kwa nyakati tofauti: tatuu ya kweli bila krimu, tatuu ya kweli baada ya krimu, tatuu ya kuigiza bila krimu, na ya kuigiza baada ya krimu.

Kwa maoni yangu, ubora wote wa utafiti huu uko katika zile tatuu za kuigiza. Kwa sungura, kushikwa tu na mikono ya mtu ni kitisho. Ungemlinganisha aliyechorwa na mwenzake aliyejilalia bandani, tofauti yoyote utakayoiona usoni ingeweza kuwa ya hofu, si ya maumivu, na usingekuwa na njia ya kuzitenganisha. Aliyefanyiwa maigizo amepata misukosuko yote ila kuchomwa, kwa hiyo ukiondoa hofu iliyo sawa pande zote mbili, kinachobaki ni maumivu. Krimu iliyopakwa bila tatuu nayo ilikuwa na kazi yake, kuhakikisha kuwa si yenyewe inayomsumbua mnyama. Na kwa kuwa kila sungura alipitia hali zote, kila mmoja alilinganishwa na nafsi yake: mwenye macho membamba kwa kuzaliwa hakuweza kuharibu hesabu. Wanyama wanane ni wachache, lakini mpango kama huu unawafanya watoshe kwa mengi.

Walipima mapigo ya moyo, shinikizo la damu, kotikosteroni (homoni ya msongo) katika damu, kiasi cha kufurukuta na kutoa sauti, na mwenendo wa mnyama aliporudi bandani. Kisha uso. Wazo la uso halikuwa lao. Mwaka 2010 maabara ya Jeffrey Mogil katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, ilikuwa imetoa kipimo cha namna hiyo kwa panya. Newcastle walitafuta katika picha za sungura wao ni nini hasa kinachobadilika, wakapata mambo matano.

Macho hujibana. Mashavu, ambayo kwa kawaida yamejaa kwa mviringo, hubapa, na uso wote ukaonekana umechongoka. Tundu za pua huvutwa wima, lile umbo la U likaelekea kuwa V. Sharubu hupoteza mkunjo wake wa kuinama, zikakakamaa na kusimama mbali na uso. Masikio hujikunja kama bomba, yakaacha kuelekea sauti inakotoka, yakageukia nyuma na kulala karibu na mgongo. Kila alama hupewa 0 ikiwa haipo, 1 ikiwa ipo kidogo, 2 ikiwa dhahiri.

Alama za uso zilipanda katika hali moja tu kati ya nne: tatuu ya kweli bila krimu. Katika hali hiyo hiyo sungura walifurukuta na kutoa sauti zaidi, na mapigo ya moyo na shinikizo la damu vikapanda. Waliopakwa krimu kabla ya kuchorwa walifanana na wale wa maigizo. Saa moja baadaye tofauti ilikuwa karibu imekwisha, maana maumivu yenyewe yalikuwa ya muda mfupi. Ona jinsi ushahidi ulivyofungwa kwa pande mbili: maumivu yakiwekwa uso unabadilika, maumivu yakizuiwa kwa ganzi uso unabaki ulivyo, ingawa mnyama kashikwa vilevile na kachomwa vilevile.

Wenye sungura wana orodha zao za maana. Kuruka na kujipinda hewani ni furaha, kugeuza mgongo ni kununa, na kadhalika. Sizikatai, na nyingine zina msingi mzuri. Kupiga mguu wa nyuma chini, kwa mfano, ni onyo linaloonekana hata kwa sungura wa porini. Ila nyingi zimetungwa na mtu aliyeona tendo akalipa maana aliyoipenda yeye. Newcastle walianzia mwisho mwingine: waliijua maana kwanza, kisha wakatafuta tendo linaloibeba.

Njia hiyo ilikuwa imefanya kazi kwa harufu pia, huko Dijon, Ufaransa. Mama sungura huwanyonyesha watoto wake kwa kawaida mara moja tu kwa siku, kwa dakika chache, nao wamezaliwa vipofu. Atakayechelewa kupata chuchu atalala njaa mpaka kesho. Benoist Schaal, Gérard Coureaud na wenzao walitaka kujua ni kitu gani katika maziwa kinachowaongoza. Walitenganisha mvuke wa maziwa kwa kromatografia ya gesi, kisha pale unapotokea mvuke wakaweka pua ya mtoto wa sungura. Kikipita kitu kisichomhusu, mtoto hakujali. Kilipopita kimoja, akatikisa kichwa kutafuta na kufungua kinywa kudaka. Ndicho 2-methilibut-2-enali, kilichotangazwa katika jarida la Nature mwaka 2003 kuwa feromoni ya chuchu. Mwanadamu angenusa siku nzima asijue kipi ni kipi.

Harufu nyingine iliyochunguzwa, ile ya kidevu, ina historia ndefu zaidi. Nchini Australia, ambako sungura walioletwa kutoka Ulaya wamekuwa balaa la mashamba, Roman Mykytowycz wa shirika la utafiti la CSIRO alionyesha katika miaka ya 1960 kuwa tezi za kidevu ni kubwa zaidi kwa madume wanaotawala, na hao ndio wanaosugua videvu zaidi. Sungura anayepitisha kidevu kwenye mguu wa kochi lako anaandika miliki. Ndiyo maana ukisafisha banda lote kwa mkupuo mmoja anaanza upya kwa bidii. Bora uache kipande cha matandiko ya zamani.

Kwa mwenye sungura, kipimo cha uso kina masharti. Kilitengenezwa kwa maumivu ya ghafla, juu ya aina moja yenye masikio yaliyosimama, hivyo kwa aina ya masikio yaliyolala, kama Holland Lop, alama ya masikio haisomeki vizuri. Anayesinzia naye hufumba macho, na aliyemwona mgeni huganda. Kwa hiyo piga picha za ubavuni akiwa mzima, ameamka na hana hofu, uziweke. Siku ukishuku, acha simu imrekodi, wewe ukiwa chumba kingine, kisha linganisha. Daktari akimpa dawa ya maumivu, rekodi tena ikishaanza kufanya kazi. Mashavu yakirudi kujaa, umepata jibu kwa njia ile ile ya Newcastle.

Uso hauonyeshi panapouma. Kwa sungura wa nyumbani, cha kushuku kwanza ni meno, ambayo hayaachi kuota na huchongoka yakakata ulimi na mashavu kwa ndani, kisha utumbo, ambao husimama asipokula nyasi za kutosha. Aliyeacha kula kwa nusu siku, na vinyesi vyake vimekuwa vidogo au vimekoma, hasubiri asubuhi. Apelekwe kwa daktari usiku huo huo, pamoja na hizo picha.