Ofisi ya Majoka na Chumba cha Walimu: Kuusoma Upya Mkutano wa Ashua

Chukua swali la aina ambayo bila shaka umewahi kuitunga au kuijibu: "Jadili maudhui ya mapenzi katika tamthilia ya Kigogo." Katika madaftari niliyoyasahihisha hapa Kakamega tangu tamthilia hiyo ya Pauline Kea ianze kutahiniwa mwaka wa 2018, hoja moja haikosi. Mtahiniwa huandika kwamba Majoka anampenda Ashua, kisha hutoa ithibati ya mkutano wao ofisini. Mwalimu hutia tiki, alama mbili, na kazi ikaendelea. Makala haya yanadhamiria kuipinga tiki hiyo. Nafasi ya Kigogo katika orodha ya vitabu teule imekwisha kuchukuliwa na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, lakini kosa lenyewe halikuondoka na kitabu. Litahamia katika kila kitabu kitakachokuwa na mwanamume mwenye cheo na mwanamke mwenye shida.

Tujikumbushe kisa. Majoka ni mtawala wa Sagamoyo. Sudi ni mchongaji anayekataa kumchongea mtawala huyo kinyago cha shujaa wake. Soko la Chapakazi limefungwa, riziki imekatika, na watoto wa Sudi wana njaa. Ashua, mkewe Sudi, anakwenda ofisini kwa Majoka kutafuta msaada. Huko Majoka analigeuza ombi la chakula kuwa mazungumzo ya mahaba na kumkumbusha kwamba zamani alimtaka, naye akamchagua Sudi. Husda, mke wa Majoka, anaingia na kuwakuta. Vita vinazuka kati ya wanawake wawili. Mwisho wa yote anayelala seli ni Ashua.

Sasa jiulize: chumba hiki ni cha nani? Ni nani anayeweza kutoka humo asipoteze chochote? Majoka akikataliwa atabaki na kiti chake, walinzi wake na soko alilolifunga yeye mwenyewe. Ashua akikataa atarudi nyumbani mikono mitupu. Pale ambapo mmoja ameshika ufunguo wa ghala na mwingine ana watoto wenye njaa, neno "mapenzi" halina mahali pa kukaa. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliwahi kuandika kwamba "Majoka anamsumbua Ashua," na nadhani aliwashinda wengi wetu wenye shahada. Kusumbuliwa ndilo neno walitumialo watu hapa wanapoeleza jambo hili sokoni, hospitalini na kwenye karakana. Magazeti yetu hupenda "unyanyasaji wa kimapenzi," istilahi ambayo bado inayaweka mapenzi ndani ya unyanyasaji. "Unyanyasaji wa kijinsia" ni afadhali.

Jambo la pili ni hapana ya Ashua. Watahiniwa wengi huandika kwamba Ashua "anaringa" au "anajifanya hataki." Fikra hiyo hawakuitoa kitabuni. Mwezi wa Aprili mwaka wa 2006, Bunge la Kenya lilipokuwa likiujadili Mswada wa Makosa ya Kijinsia uliowasilishwa na Njoki Ndung'u, mbunge mmoja alisimama akadai kwamba mwanamke wa Kiafrika husema hapana ilhali ana maana ya ndiyo. Wabunge wanawake waliondoka ukumbini kwa hasira. Ikiwa imani hiyo iliweza kutamkwa Bungeni mchana peupe, si ajabu kuikuta katika insha ya kijana wa miaka 17. Lakini mhakiki husoma matini, hasomi mazoea. Na matini inatuambia kwamba hapana ya ofisini si ya kwanza. Ya kwanza ilitolewa miaka mingi nyuma, Ashua alipoolewa na Sudi. Ndoa ni jibu ambalo hata kiziwi angelielewa. Majoka analijua jibu na bado anauliza tena, safari hii akiwa ameushikilia mkate mkononi.

Mswada ule ulipita ukawa Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka wa 2006, na kifungu chake cha 23 kinaweza kutumiwa kama chombo cha uhakiki. Kinamhusu mtu mwenye mamlaka au mwenye cheo cha umma anayerudia-rudia kumtaka mtu mwingine huku akijua, au akiwa na sababu ya kujua, kwamba hatakiwi. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Tazama maneno yale: mamlaka, kurudia, kujua. Mtahiniwa akiyashika hayo matatu, ataweza kuuchambua mkutano wa Majoka na Ashua kwa kina kuliko yule anayeanza na neno "tamaa."

Baadhi ya walimu watasema tunaiburuta fasihi mahakamani. Sivyo. Mahakama imo tayari ndani ya tamthilia, na mshtakiwa ni Ashua. Husda anamshtaki papo hapo kwa kumnyang'anya mume, wala hamuulizi mumewe swali lolote la maana. Seli inamshtaki kwa mara ya pili. Huko seli ndoa yake na Sudi inatikisika hadi anadai talaka, na hapo ndipo sisi wasomaji tunapoingia na shtaka la tatu: "Eleza wasifu wa Ashua." Majibu yanakuja mbio: mwenye tamaa, msaliti, mlalamishi. Ni mara ngapi umeuliza, katika swali hilohilo, wasifu wa Majoka kama mwanamume anayemvizia mke wa mtu kwa kutumia njaa? Kwa Majoka tunaandika "katili" na "dikteta," tunamalizia hapo, kana kwamba siasa yake na ofisi yake ni vitu viwili mbalimbali.

Ni kweli kwamba Ashua hakuajiriwa na Majoka. Kwa mahali pa kazi hasa, tufungue Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, diwani iliyotahiniwa pamoja na Kigogo, tusome "Masharti ya Kisasa" ya Alifa Chokocho. Kidawa ni metroni katika shule ya wasichana. Mumewe Dadi, mchuuzi wa samaki, anamshuku kwamba ana uhusiano na mwalimu mkuu. Wivu unampeleka kupanda ukutani usiku ili achungulie, anaanguka, na anajikuta hospitalini. Hadithi huchekesha, na wengi huifundisha kama kichekesho cha mwanamume mwenye wivu. Mimi naiona kama jibu la swali linaloulizwa kila mara: kwa nini mwanamke anayesumbuliwa kazini hasemi? Tuseme mwalimu mkuu wa Kidawa angekuwa mtu wa kumsumbua kweli. Angekwenda kumwambia nani? Mume ambaye tayari amekwisha kumhukumu? Dadi ameufunga mlango huo kabla haujabishwa.

Hapo tunafika katika chumba cha walimu, msomaji. Kinachokosekana katika vitabu vyetu teule ni mfanyakazi mwenza: mtu asiye Majoka, asiye na walinzi, anayekaa meza ya pili. Katika shule zetu za Kakamega anaweza kuwa mwalimu mwenye miaka 15 kazini, na anayesumbuliwa akawa mwalimu aliyeajiriwa na bodi kwa mkataba wa muhula, au mwanafunzi wa Masinde Muliro aliyekuja kwa mazoezi ya kufundisha na ambaye ripoti yake itaandikwa papo hapo shuleni. Wakati wa chai ya saa nne anamwita "mulamwa," yaani shemeji, kwa utani tuujuao sote. Utani una heshima zake katika jamii zetu. Ila watani ni wawili, hurushiana maneno, na mmoja akinyamaza mwingine hujua kwamba mchezo umekwisha. Ukimwona mmoja anarusha kila siku na mwenzake anahamisha kiti, huo si utani tena.

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 6, inamtaja mfanyakazi mwenza waziwazi pamoja na mwajiri. Inahusu ahadi ya upendeleo, tishio, maneno, picha na mguso usiotakiwa, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera iliyoandikwa kuhusu jambo hili baada ya kushauriana nao. Uliza kama shule yako inayo. Mwalimu anayesumbuliwa na amwambie mhusika neno moja lisilo na mzaha, ikiwezekana mbele ya shahidi au kwa maandishi. Aandike tarehe na maneno yaliyosemwa. Ahifadhi jumbe za simu. Kisha apeleke habari kwa naibu au kwa mwalimu mkuu, na wakilalia jambo, kwa ofisi ya TSC ya kaunti au kwa chama chake cha KUPPET. Walimu wanaume husumbuliwa pia, na njia ni ileile, ingawa vicheko watakavyovipata njiani huwa vikubwa zaidi.

Turudi kwa mtahiniwa na kwa mtungaji wa mitihani ya majaribio. Badala ya swali lile la mapenzi, jaribu hili: "Kwa kurejelea mkutano wa Majoka na Ashua ofisini, onyesha jinsi mamlaka yanavyotumiwa kumnyima mhusika nafasi ya kukataa. (alama 10)" Mwanafunzi atalazimika kutaja soko lililofungwa, watoto wenye njaa, hapana ya zamani, kuingia kwa Husda na seli. Atalazimika pia kueleza kwa nini, baada ya Husda kuingia, vita ni vya wanawake wawili ilhali aliyevianzisha ni mtu wa tatu, ambaye wakati wote huo yumo humo humo ofisini kwake.