Ufundi wa Na, Au, Si

Kinatoshea kwenye kiganja na kuacha nafasi ya vingine kumi. Ni kipande cheusi cha plastiki chenye miguu 14, saba huku na saba huku, na kipengo kidogo kwenye ncha moja. Mwanafunzi wa uhandisi anayekitafuta Nairobi ataelekezwa Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki, na huko atakiomba kwa namba tu: 7400. Mguu wa 14 hupewa volti 5, mguu wa 7 hupelekwa ardhini. Ndani yake mna mageti manne ya mantiki, yaani saketi ndogo zinazotoa jibu la ndiyo au hapana. Familia yake ilitoka kwenye kampuni ya Texas Instruments katika miaka ya 1960, na hadi leo ndiyo inayowapokea wanafunzi wengi siku ya kwanza ya maabara.

Somo lenyewe huitwa usanifu wa mantiki ya dijitali, na hufundishwa mapema katika shahada za uhandisi wa umeme na kompyuta. Masomo mengi ya chuo kikuu hufika mahali ambapo mwalimu husema, "Hili tulikubali kwanza, tutalithibitisha mbele." Somo hili halina mahali hapo. Mwanafunzi huanza na maneno matatu anayoyatumia tangu utotoni, na muhula ukiisha ana mashine inayojumlisha, inayokumbuka na inayohesabu, wala hapana hatua aliyorukishwa. Kila ngazi ameikanyaga kwa mguu wake mwenyewe.

Maneno hayo matatu ni na, au, si.

Mihadhara katika vyuo vikuu vya Tanzania hutolewa kwa Kiingereza, lakini kwenye meza ya maabara wanafunzi hueleweshana kwa Kiswahili, na hapo ndipo neno dogo kama "au" huanza kuonyesha ukubwa wake. Mgeni akiulizwa, "Utakunywa chai au kahawa?", anajua kuwa atachagua kimoja. Lakini tangazo likisema mtoto mwenye homa au kikohozi apelekwe zahanati, mwenye vyote viwili haachwi nyumbani. Neno ni lile lile na maana ni mbili, na msikilizaji huzitenganisha bila kuambiwa. Waya hauna masikio hayo. Lazima uambiwe ni "au" ipi, kwa hiyo wasanifu wana mageti mawili tofauti: geti la AU, ambalo ni la homa na kikohozi, na geti la XOR, ambalo ni la chai na kahawa. Hilo la pili wengi wanalo nyumbani bila kujua. Taa ya ngazini yenye swichi moja chini na nyingine juu ni XOR kamili: ukigusa swichi yoyote kati ya hizo, taa hugeuka.

Aliyeyafanya maneno haya kuwa hesabu hakuwa na habari ya nyaya. George Boole alizaliwa mwaka 1815 huko Lincoln, Uingereza, mtoto wa fundi viatu. Hakusoma chuo kikuu. Sehemu kubwa ya hisabati yake alijifundisha mwenyewe, na mwaka 1849 akawa profesa huko Cork, Ireland. Katika vitabu vyake vya mwaka 1847 na 1854 alitaka fikra za binadamu ziandikwe kwa alama kama aljebra. Akagundua sheria moja ya ajabu. Ukichagua kondoo weupe kutoka zizini, kisha ndani ya hao ukachagua tena weupe, unabaki na wale wale. Kwa hesabu: x mara x ni x. Namba zinazotii sheria hiyo ni mbili tu, 0 na 1. Boole alifariki mwaka 1864, miaka 15 kabla ya Edison kuonyesha balbu yake, na hakuna aliyefikiri kuwa zile 0 na 1 zingekuja kuwashwa na kuzimwa.

Ilichukua zaidi ya miaka 70. Mwaka 1936 kijana Mmarekani Claude Shannon alifika chuo cha MIT akapewa kazi ya kuhudumia mashine kubwa ya hesabu ya Vannevar Bush. Mashine hiyo iliongozwa na relei nyingi, yaani swichi zinazofunguliwa na kufungwa na umeme wenyewe. Kwenye chuo alichotoka, cha Michigan, Shannon alikuwa amefundishwa aljebra ya Boole. Akiitazama mitambo hiyo, aliona kitu: swichi mbili zikifuatana kwenye waya mmoja, umeme hupita pale tu ambapo ya kwanza na ya pili zimefungwa. Zikiwekwa sambamba, hupita ikifungwa ya kwanza au ya pili. Basi saketi ni sentensi, na sentensi inaweza kuwa saketi. Tasnifu yake ya shahada ya uzamili, aliyoiandika mwaka 1937 akiwa na umri wa miaka 21, ilionyesha hata jinsi relei zinavyoweza kujumlisha namba za 0 na 1. Katika miaka hiyo hiyo Akira Nakashima wa Japani na Victor Shestakov wa Muungano wa Sovieti walikuwa wakifikia fikra kama hiyo, kila mmoja kwa njia yake. Kabla yao, saketi za swichi zilisanifiwa kwa uzoefu na kubahatisha. Baada yao, ziliweza kuandikwa, kuhakikiwa na kufupishwa kwa kalamu.

Ufundi wa kalamu huanza na jedwali la ukweli. Chukua jopo la majaji watatu, kama wanavyoketi kwa kawaida kwenye Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Rufaa hukubaliwa majaji wawili au zaidi wakiikubali. Kila jaji ana jibu moja kati ya mawili, kwa hiyo hali zinazowezekana ni 8, na mwanafunzi huziandika zote, mstari kwa mstari, kuanzia 000 hadi 111. Mbele ya kila mstari huweka hukumu: 0 au 1. Hapana mstari wa "inategemea". Hapana mstari unaoachwa kwa kuwa hautarajiwi kutokea. Katika mazungumzo mtu anaweza kusema jambo nusu, na msikilizaji akaijaza nusu nyingine. Jedwali halijazi. Linamtaka mwanafunzi aseme lote, na wengi hukiri kuwa hawakuwahi kudaiwa ukamilifu wa namna hiyo kabla ya siku hiyo.

Mistari minne ina 1: mitatu ambayo majaji wawili wamekubali, na mmoja ambao wamekubali wote. Kila mmoja ukigeuzwa saketi jinsi ulivyo, mageti huwa mengi. Hapa huingia ramani ya Karnaugh, iliyopewa jina la Maurice Karnaugh wa Bell Labs aliyeichapisha mwaka 1953. Jedwali hugeuzwa kuwa vyumba vya mraba, na safu hupangwa 00, 01, 11, 10, ili kutoka chumba kimoja hadi jirani yake ibadilike tarakimu moja tu. Ukingo wa kulia nao ni jirani wa ukingo wa kushoto, kama ukili unavyozungushwa hadi ncha zikakutana na kuwa kikapu. Mwanafunzi huzungushia duara vyumba vyenye 1, viwili viwili au vinne vinne, na kila duara hufuta neno lisilohitajika. Kwa majaji wetu, kinachobaki ni hiki: wa kwanza na wa pili, au wa pili na wa tatu, au wa kwanza na wa tatu. Jaji asiyehitajika katika kila fungu ametoka. Maana haikupungua hata chembe, ila maneno yamepungua. Mshairi anayekata mizani zilizozidi bila kuua hoja ataitambua raha hiyo.

Kisha mwalimu hufundisha kujumlisha. Kwa tarakimu mbili tu, 1 na 1 ni 10: andika 0, beba 1. Kila safu ya hesabu hupokea tarakimu tatu, mbili za safu yenyewe na moja iliyobebwa kutoka safu ya jirani. Tarakimu ya kuandika hutolewa na XOR. Na ya kubeba? Huwa 1 pale ambapo angalau mbili kati ya tatu ni 1. Mwanafunzi hulitazama jedwali, hulifunua daftari nyuma kurasa tatu, na kuliona lile lile. Hukumu ya majaji watatu ndiyo inayobeba moja kwenye kila kompyuta inayojumlisha kwa njia hii.

Karatasi ikikubali, kazi huhamia kwenye bredibodi, ubao mweupe wa vitundu ambamo vifaa huchomekwa bila kulehemiwa. Huko mantiki hukutana na maumbile. Kwenye daftari 1 ni 1. Kwenye chipu za jadi za familia ya 7400, geti huahidi kuisoma volti iliyo chini ya 0.8 kuwa 0 na iliyo juu ya 2.0 kuwa 1; katikati haliahidi chochote. Ingizo lililosahauliwa likining'inia hewani kwenye chipu za 74HC, ndugu za kisasa za familia hiyo, huokota umeme wowote unaopita, na taa ya LED hupepesa mkono ukisogezwa karibu. Chipu iliyogeuzwa, kipengo kulia badala ya kushoto, hupata joto hadi kidole kiikimbie. Geti lenyewe huchukua takriban nanosekunde 10 kutoa jibu, muda ambao mwanga husafiri mita 3 tu, lakini mageti yakipangana kwa foleni, kila moja likisubiri lililolitangulia, muda huo hujikusanya na kuanza kuhesabika. Mwanafunzi hujifunza kushika mita, kufuata waya kutoka geti hadi geti, na kuuliza kila mahali swali moja: hapa panapaswa kuwa na nini, na pana nini? Subira hiyo haiandikwi kwenye kitabu cha mtihani, na ndiyo nusu ya ufundi.

Kuna siku jedwali lenyewe hushindwa, na ndiyo siku nzuri kuliko zote katika somo hili.

Fikiria tangi la maji juu ya mnara, na pampu chini yake. Tangi lina vihisio viwili, kimoja karibu na kitako na kingine karibu na mdomo. Maji yakishuka chini ya kihisio cha chini, pampu iwake. Yakifika cha juu, izime. Mwanafunzi huanza kuandika jedwali na kukwama kwenye mstari mmoja: maji yako katikati. Pampu iwake au izime? Ikiwa tangi linajazwa, iendelee. Ikiwa lilishajaa na watu wanachota, itulie. Mstari ni mmoja, majibu ni mawili, na yote ni sahihi. Jibu halimo kwenye maji ya sasa. Limo kwenye yaliyopita.

Dawa yake ni mageti mawili ya NAND, yaani NA iliyokanushwa, yale yale yaliyomo kwenye 7400. Jibu la kila geti hurudishwa kuwa swali la mwenzake. Moja likisema 1, humlazimisha mwenzake kusema 0, na hiyo 0 humrudishia wa kwanza sababu ya kuendelea kusema 1. Wanashikana hivyo mpaka mtu wa nje awaguse. Saketi sasa inakumbuka. William Eccles na Frank Jordan waliomba hataza ya kifaa cha jamii hiyo Uingereza mwaka 1918, wakitumia valvu mbili za kioo. Biti moja ya kumbukumbu, na pampu inajua itokako.

Na NAND peke yake inatosha kwa kila kitu. Kutoka kwayo hutengenezwa NA, AU na SI, hivyo na mashine nzima. NOR, ambayo ni AU iliyokanushwa, ina uwezo huo huo: kompyuta iliyoongoza chombo cha Apollo kutua mwezini mwaka 1969 ilijengwa kwa mageti ya NOR ya aina moja, takriban 5,600.

Leo msanifu wa chipu haweki maduara kwa kalamu. Huandika maelezo kwa lugha kama Verilog au VHDL, na programu hufupisha milinganyo ambayo ramani ya Karnaugh isingeweza kuimudu. Lakini msanifu akisahau hali moja katika maelezo yake, asiseme jibu liwe nini hapo, programu hutafsiri ukimya huo kuwa agizo: shikilia jibu la zamani. Huweka kumbukumbu mahali ambapo hakuna aliyeiomba, na chipu huanza kutenda mambo yasiyoelezeka. Aliyewahi kuandika mistari yote minane kwa mkono, na aliyewahi kukwama kwenye tangi lililojaa nusu, akisoma onyo la programu hiyo anajua mara moja ni mstari upi ulioachwa wazi.

Jioni ya mwisho ya muhula, kwenye maabara, kundi la wanafunzi hubonyeza kitufe na kutazama tarakimu nyekundu ya kaunta waliyoijenga. Mara ya kwanza imeruka kutoka 0 hadi 3, kwa sababu vyuma vya kitufe hurukaruka kabla ya kutulia, na kaunta imehesabu kila mruko. Wanaongeza mageti mawili ya NAND yaliyoshikana, yale ya tangi, ili mguso wa kwanza ukumbukwe na ya baadaye ipuuzwe. Wanabonyeza tena. Moja. Mbili. Tatu. Wanahesabu kwa sauti pamoja na mashine hadi tisa, wananyamaza, na kidole kinashuka mara nyingine. Sifuri. Kisha wanazima umeme, wananyofoa waya mmoja mmoja, na kuzichomeka chipu kwenye sponji yake, kipengo kushoto, kwa ajili ya kundi la kesho.