Nani Anayekauka? Sentensi Moja Kuhusu Shairi la Ndiva

Sentensi ninayotaka tuikague leo ni hii: "Mshairi analalamikia watu kwenye beti ya tatu kwamba wamemuacha akauke." Kaiandika mwanafunzi mmoja wa sekondari hapa Suji, akichambua shairi la binti anayesoma naye. Shairi lenyewe halijachapishwa popote. Anayesema ndani yake ni ndiva, lile bwawa la udongo ambalo sisi Wapare tunakusanyia maji ya kijito usiku, halafu asubuhi tunayafungulia mfereji, watu wamwagilie kwa zamu. Ndiva ya shairi imejaa tope na hakuna anayekwenda kulizoa.

Tuanze na mepesi. Ubeti ni mmoja, beti ni nyingi. Kwa hiyo ni "ubeti wa tatu". Najua "beti ya tatu" imeshazoeleka midomoni, lakini mchambuzi ni fundi, na fundi anayajua majina ya vifaa vyake. Pili, watu wanadai kiambishi chao ndani ya kitenzi: "anawalalamikia watu". Hata hapo utata unabaki. Anawapelekea watu malalamiko yake, au wao ndio anaowalalamikia? Kitenzi kinabeba maana zote mbili, na sentensi haituambii ni ipi.

Sasa tufike penye uzito: "wamemuacha akauke." Nani huyo anayekauka? Kwa sarufi ya sentensi hii, ni mshairi. Yaani binti mzima, mwenye afya yake, anakauka! Kama ni ndiva, basi "wameiacha ikauke". Viambishi viwili tu, lakini vinatuonyesha kwamba mchambuzi kamvisha mtunzi maneno ya ndiva. Wenzetu wa Kenya wana neno "nafsineni" kwa huyo anayesema ndani ya shairi. Huku kwetu tumezoea "mshairi anasema" kwa kila kitu, wakati hata "msemaji" lingetosha.

Tofauti hiyo haiishii darasani. Ndiva ni mali ya jamii na ina wazee wake. Ukiandika kwamba mshairi anawalalamikia watu, umemfanya binti wa shule awe mtoto anayewagombeza wakubwa. Yeye kaepuka hilo kwa akili sana, kaipa ndiva mdomo. Sentensi mbovu inamnyang'anya kinga aliyojijengea.

Halafu, je, ndiva inalalamika kweli? Katika ubeti huo inawataja waliokula mahindi yaliyooteshwa kwa maji yake, ambao leo wanasema hawakuwahi kuitegemea. Huko ni kusuta, kumwekea mtu ukweli mbele ya macho yake. Anayelalamika anataka ahurumiwe. Anayesuta ana ushahidi mkononi. Ningeandika hivi: "Katika ubeti wa tatu, ndiva inawasuta watu walioiacha ikauke."

Kuna atakayesema kusuta kunanukia vijembe vya Pwani. Sawa, lakini sijapata kitenzi kingine kinachobeba ushahidi huo.

Tangu Amri Abedi atoe Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, vizazi vya wanafunzi vimehesabu vina na mizani. Mwanafunzi huyu naye kahesabu mizani ya shairi zima, na hakukosea hata mmoja. Ilibaki apime sentensi yake mwenyewe.