Kicheko kimegeuka makofi

Wandugu, mimi naona emisyo za usiku za Marekani zimepoteza kitu. Johnny Carson aliongoza The Tonight Show miaka 30, toka 1962 mpaka 1992. Aliwatania marais wa vyama vyote viwili, lakini upande wake mwenyewe aliuficha. Kwa hiyo watu wa pande zote walicheka pamoja mbele ya kulala. Stephen Colbert, aliyechukua The Late Show ya CBS mwaka 2015, alichagua upande waziwazi. Ana akili na ujasiri, sikatai. Ila watu wake walikuwa wanapiga makofi zaidi ya kucheka, juu walishakubaliana naye kabla hajafungua kinywa. Sisi wasomi tujiulize: mzaha unaosikilizwa na wenzetu tu, utabadilisha mawazo ya nani?