Nani Msimulizi wa Safari? Mbwaa, Anga za Mbali na Wahamiaji katika Filamu za Uswidi

Wahakiki wetu aghalabu huziweka filamu za safari za anga katika fungu la burudani tupu, na zile zinazohusu wahamiaji katika fungu la kazi zenye uzito wa kijamii. Makala haya yanaupinga mgawanyo huo. Uzito wa kazi inayohusu uhamaji hautokani na ukaribu wake na uhalisi, bali na nani aliyepewa haki ya kuisimulia safari. Tutalitazama suala hili kwa jicho la mtazamaji wa Meru na Embu, kwani yeye ana kipimo chake tayari.

Kipimo chenyewe ni simulizi ya Mbwaa. Wameru husimulia kwamba wahenga wao waliishi utumwani katika kisiwa cha Mbwaa, ambacho baadhi ya wanahistoria wamekitafuta karibu na Manda, pwani ya Lamu. Watawala wao, Nguo Ntuni, yaani wenye nguo nyekundu, waliwapa majaribu yasiyowezekana. Katika baadhi ya masimulizi walidai wafuliwe mkuki wa kufika mbinguni. Wakatoroka wakiongozwa na Koomenjoe, maji yakagawanyika, wakavuka: wengine usiku, wengine alfajiri, wengine mchana. Nyakati hizo za kuvuka ndizo zilizozipa koo rangi zake, nyeusi, nyekundu na nyeupe. Safari, basi, haikuachwa ufuoni. Imekuwa sehemu ya utambulisho wa mtu. Embu hali ni tofauti kidogo, maana kisa cha Mwenendega na Nthara huanzia papo hapo, karibu na Runyenjes, pasipo bahari ya kuvuka.

Mtazamaji aliyelelewa na Mbwaa hatapata shida na Utvandrarna ya Jan Troell (1971) wala mwendelezo wake, Nybyggarna (1972), zilizotokana na riwaya za Vilhelm Moberg. Karl Oskar na Kristina wanauhama umaskini wa Småland katikati ya karne ya 19 na kuvuka bahari hadi Minnesota, Marekani. Troell hana haraka. Anatuonyesha mawe ya shamba, njaa, na uchafu wa merikebu, hata tunapofika tunajua kilichoachwa. Moberg anampa Kristina mtofaa ulioota kutokana na mbegu zilizotoka kwao, na katika mti huo mhamiaji anaendelea kuwa mtu mwenye asili.

Sasa tuitazame Play ya Ruben Östlund (2011), iliyotokana na kesi halisi za mjini Gothenburg. Vijana watano weusi wanawahadaa na kuwaibia wavulana watatu. Kamera imesimama mbali, haitikisiki, nayo inajinasibu kuwa haina upande. Lakini hao watano hawana mama, hawana nyumba, hawana Mbwaa. Mwandishi Jonas Hassen Khemiri aliikosoa vikali mwaka huohuo, na kwa maoni yangu alikuwa na haki: umbali wa kamera si uadilifu, ni uamuzi wa kutowasikiliza. Mswidi alipokuwa mhamiaji, sinema ya nchi yake ilimpa saa nyingi za kujieleza; mhamiaji alipokuwa mtu mwingine, alipewa mgongo wa kamera. Hata hivyo, tusiitie sinema yote ya Uswidi katika kapu moja. Josef Fares, mzaliwa wa Beirut, aliwapa wahamiaji ulimi na mzaha katika Jalla! Jalla! (2000), na vichekesho vyake vina ukweli kuliko ukimya wa Östlund.

Ajabu ni kwamba haki hiyo inarudi pale ambapo wahakiki hawaitafuti, yaani angani. Aniara (2018) ya Pella Kågerman na Hugo Lilja, iliyotokana na utenzi wa Harry Martinson wa 1956, inahusu chombo kinachowahamisha watu kutoka dunia iliyoharibiwa hadi Mirihi. Safari ya wiki tatu inapotea njia na haina mwisho. Ndani yake mna Mima, mtambo unaowarudishia abiria kumbukumbu za dunia, hadi unazidiwa na huzuni yao na kujiangamiza. Hakuna kazi iliyoeleza kwa ukali zaidi kinachowapata watu wasio na mahali pa kuiweka kumbukumbu yao. Hii ni Mbwaa isiyo na ufuo wa pili. Mtazamaji anayetaka mapigano ya nyota atachoka mapema, na asilaumiwe, lakini aliyewahi kumsikia mzee akihesabu waliovuka usiku atakielewa kilio hicho.

Pumzi ya Wanuri Kahiu (2009), iliyo ya Kenya na ya dakika zipatazo 21, inakwenda kinyume. Asha anautoroka mji uliofungwa, ambamo hata ndoto huzimwa kwa vidonge, ili aipande mbegu nje. Anaimwagilia jasho lake mwenyewe. Kwake kutoka si kuhama, ni kurudi.

Na Mbwaa yenyewe isisamehewe. Masimulizi ya Meru na Embu yanawataja Wagumba, watu wafupi waliokutwa katika nchi hii, wakaachiwa kumbukumbu ya mashimo tu. Tunaambiwa walitoweka ardhini. Hatuambiwi walisema nini, wala nani kati yao aliuona moshi wa kwanza wa wageni ukipanda msituni.