Sanduku la Siku ya 28

Seremala akikabidhi kabati, mwenye kabati hana la kuongeza zaidi ya kupanga vyombo. Anayetengeneza kisanduku cha kuzalia sungura huikabidhi kazi ikiwa nusu. Nusu iliyobaki humaliziwa na mama mwenyewe, kwa meno yake na kwa manyoya ya kifuani pake. Kwa hiyo fundi hapimwi tu kwa alichokijenga. Hupimwa pia kwa alivyojua mahali pa kuishia. Nauheshimu ufundi huu, na huwa nakereka nikisikia ukiitwa kazi ya kugongelea mbao nne.

Bulongwa hapana nafasi ya kuudharau. Ni Makete, mkoani Njombe, nyanda za juu kusini, si mbali na uwanda wa Kitulo unaofika mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai sakitu huamka imelala juu ya majani ya viazi, na watu hutoka nje wamejifunga mablanketi. Usiku wa namna hiyo ndio kitoto cha sungura huzaliwa: hakina manyoya, hakioni, hakisikii, uzito wake gramu 50 hivi. Mwili wake haujaweza kujitunzia joto. Kinahitaji nyuzi 30 au zaidi, na nje ya banda hewa inakaribia sifuri. Ajali nyingi za uzazi wa sungura huko juu hazisababishwi na ugonjwa. Ni baridi tu, na saa chache zinatosha.

Sungura mjanja wa hadithi zetu, yule anayemzunguka fisi kila siku, hana shida hii. Yeye ni wa nyikani. Watoto wake huzaliwa macho wazi na manyoya mwilini, katika kishimo kifupi kwenye nyasi. Huyu wa bandani ni wa ukoo mwingine. Wazee wake ni wa Hispania na pande zile, na kule porini jike huchimba tundu ardhini, hutandika nyasi na manyoya, akimaliza kunyonyesha huziba mlango kwa udongo na kwenda zake. Kisanduku basi ni tundu lililopandishwa juu ya ardhi. Ukilijua hilo, vipimo vyote hujieleza.

Urefu sentimita 45, upana 30, kimo 30: jike wa wastani hutosha humo, aweze kugeuka na si zaidi. Mwenye huruma ya kupitiliza hutengeneza kikubwa, akidhani anamtafutia mzazi raha. Watoto hutawanyika pembeni, kila mmoja na baridi yake, ilhali joto lao hutokana na kubanana. Upande wa mlango hukatwa chini, ubaki ukuta wa sentimita 15 hivi. Ukuta huo mdogo ndio sehemu ninayoistahi kuliko zote. Mama akiruka kutoka, mara nyingine kitoto huwa bado kimeng'ang'ania chuchu. Ukuta hukikwangua kikaangukia ndani. Bila huo kitadondokea kwenye sakafu ya waya, na sungura hajui kumbeba mtoto kwa mdomo kama paka afanyavyo. Kilichoanguka kitabaki hapo hadi binadamu akiokote.

Kwa mbao Makete imejaliwa. Misindano imejaa vilimani, na kwenye mashine za kupasulia mabanzi hayakosekani. Ubao uwe mkavu, usiwe umepakwa dawa wala rangi, kwa sababu mama atautafuna. Misumari isichomoze. Sakafu itobolewe matundu madogo ili mkojo upite, maana ubichi huua haraka kuliko baridi kavu. Bati halifai: usiku hupoa, alfajiri hutoa jasho. Chini hutandazwa maranda ya randa, yale mapana yaliyojikunja. Vumbi la msumeno liachwe palepale kwenye mashine. Huziba pua na kuwasha macho. Juu ya maranda hujazwa nyasi kavu laini, nyingi kuliko unavyofikiri, kisha fundi hutumbukiza ngumi katikati kuacha shimo. Hapo ndipo mkono wake unapokoma.

Kinachofuata ni tarehe. Mimba ya sungura ni siku 31 hivi, na kisanduku huingizwa siku ya 28. Kikiwahi sana, jike hukigeuza choo; kikichelewa, atazalia kwenye waya. Ndiyo sababu siku ya kupandisha huandikwa, hata kama ni kwa mkaa kwenye mlango wa banda. Nawaamini wafugaji wa mlango uliochafuka kwa mkaa kuliko wanaosema wanakumbuka.

Jike aliyekaribia huanza kubeba nyasi, zimejaa mdomoni zikichomoza kushoto na kulia kama masharubu ya mzee. Huzipanga upya, mara nyingi akilifuta lile shimo la ngumi na kuchimba lake pembeni, na mwenye busara hamrekebishi. Kisha hunyonyoa manyoya ya kifua na tumbo. Kwa tendo hilo moja amepata blanketi na ameziweka wazi chuchu.

Baada ya kuzaa, kazi ngumu kwa mfugaji ni kutulia. Mama hunyonyesha mara moja kwa siku, pengine mbili, dakika chache tu, halafu hukaa mbali nao. Mgeni wa kazi hii hudhani wametelekezwa, akaanza kumsukumiza jike ndani. Atazame matumbo: yakiwa ya duara na ngozi haina makunyanzi, wameshiba. Ukaguzi hufanywa mara moja asubuhi, mikono ikiwa imesuguliwa kwa nyasi za kiota. Waliokufa huondolewa, manyoya hurudishwa juu. Majike wawili waliozaa siku moja wanaweza kugawana watoto, kwa kuwa chuchu kwa kawaida ni nane, na mwenye kumi na mbili amezidiwa. Miguu ya banda isimamishwe kwenye makopo ya oili chafu, maana siafu hawajali ubora wa sanduku.

Macho hufunguka kuanzia siku ya 10, na wiki ya tatu watoto wanarukaruka nje. Kisanduku hutolewa, nyasi huchomwa, mbao husuguliwa na kuanikwa juani. Manyoya yaliyobaki safi huwekwa kwenye mfuko mkavu. Yanasubiri majike wa uzazi wa kwanza, ambao baadhi yao huzaa bila kujinyonyoa hata unywele.